Usimvike chui madoa ya duma!

Jumamosi moja, yapata saa tano asubuhi, mpwa wangu alirejea nyumbani kwao Frere Town akiwa amebeba sanduku lile lile la katoni aliloondoka nalo alfajiri. Alilitua barazani, akaketi kando yake, asiseme neno. Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa akiosha karai baada ya kumaliza kuuza mahamri na mbaazi. Alilitazama sanduku, akamtazama mwanawe, akaendelea kuosha. Alikuwa ameshajua.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vinyago vidogo 60 vya mbao: twiga 20, punda milia 20 na chui 20. Vyote vilikuwa vimepakwa rangi safi na vaniishi ya kung'aa. Mwenye duka mjini aliyeviagiza alikuwa amevikataa vyote.

Msomaji, pengine utasema kwamba hasara ni sehemu ya biashara. Ni kweli. Lakini shilingi 12,000 zilizonunua mbao, rangi na vaniishi zilitoka katika chama cha akina mama wa mtaa. Ilikuwa zamu ya dada yangu kupokea, na alikuwa amezitenga ziwe karo ya kitindamimba wake. Kijana alimwomba azizungushe kwa majuma mawili tu, kisha azirudishe na faida juu. Sasa zilikuwa zimebaki siku tisa shule zifunguliwe.

Nimepewa ruhusa na wenyewe kukisimulia kisa hiki, kwa kuwa kina funzo kwa kila kijana anayetaka kula kwa jasho la mikono yake, na kwa kila mzazi ambaye mwanawe anapenda kuchora. Kosa halikuwa la rangi, wala halikuwa la mashine. Kosa lilikuwa la macho.

SPREI KAMA KALAMU

Wanaoishi ng'ambo ya daraja la Nyali wanajua kwamba Frere Town si mtaa wa jana. Ulianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 uwe makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya juu ya hatari ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Miongoni mwa wakazi wa kwanza walikuwamo Waafrika waliolelewa India na kufundishwa huko useremala, uhunzi na kazi nyinginezo za mikono. Kwa hivyo, kijana wa Frere Town anayetafuta riziki kwa vidole vyake anapita njia ya kale.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miezi minane, kisha akapata kibarua kwa fundi wa kupaka magari rangi. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kubandika magazeti kwenye vioo ili visirukiwe na rangi. Lakini fundi alikuwa na sprei mbili: moja kubwa ya kupakia bodi la gari, na nyingine ndogo kama kalamu, ya kuchorea picha na maandishi kwenye matatu na tuktuk. Hiyo ndogo ndiyo iliyomtia wazimu kijana wetu.

Kifaa hicho, ambacho tunaweza kukiita brashi ya hewa, kilibuniwa nchini Marekani katika karne ya 19. Kazi yake si ya kimiujiza. Wazazi wataikumbuka ile pampu ya mkono ya kunyunyizia dawa ya mbu. Ukisukuma mpini, hewa hupita kwa kasi juu ya mdomo wa mrija uliozama ndani ya dawa. Mahali hewa inapokwenda kasi, presha hupungua, na kwa sababu hiyo dawa hupanda mrijani, ikapasuka na kuwa ukungu. Brashi ya hewa hufanya vivyo hivyo, ila hewa yake hutoka kwenye kompresa, na ndani yake mna sindano nyembamba inayozuia au kuachilia rangi. Kwa aina inayopendwa na wachoraji wengi, ukibonyeza kifyatulio hewa hutoka. Ukikivuta nyuma, rangi huifuata hewa. Mkono uliozoea huweza kuchora mstari mwembamba kama uzi.

Jambo la pili alilojifunza kwa fundi ni stensili. Walimu wa zamani wanalijua neno hili, kwani walichapa mitihani juu ya karatasi za stensili kabla ya kuizungusha mashine ya kunakili. Kwa mpaka rangi, stensili ni karatasi ngumu au plastiki iliyokatwa matundu yenye umbo linalotakiwa. Unaibandika juu ya kitu, unapuliza rangi, unaiondoa, na umbo linabaki. Unaweza kulirudia umbo hilo mara mia bila mkono kuchoka.

Hapo ndipo kijana alipopata wazo. Alikwenda Changamwe, ambako wachongaji wa Kikamba wamekuwa na chama chao cha ushirika tangu mwaka 1963. Uchongaji huo una historia yake: uliletwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Siku hizi, kwa vile mpingo na muhugu vimekuwa adimu, wachongaji wengi wa Pwani hutumia mwarobaini. Mpwa wangu alinunua kwa mafundi vinyago visivyopakwa rangi, vyenye urefu wa kati ya sentimita 8 na 15. Akaikata filamu kuukuu ya eksirei kwa wembe, akapata stensili tatu: moja ya madoa ya twiga, moja ya milia, na moja ya madoa ya chui. Kwa usiku nne alipuliza vinyago vyote 60. Mchoraji wa brashi ya kawaida angehitaji majuma kadhaa.

"HUYU NI DUMA ALIYENENEPA"

Mwenye duka ni mzee aliyeuza vinyago tangu ujana wake. Kijana anasema mzee hakukasirika wala hakupaza sauti. Aliwapanga twiga watatu mezani, ubavu kwa ubavu.

"Kijana, hawa ni twiga watatu au ni twiga mmoja?"

Mpwa wangu akatazama. Doa lenye pembe tatu lilikuwa begani kwa twiga wa kwanza. Lilikuwa pale pale kwa wa pili, na pale pale kwa wa tatu. Miguuni madoa yalikuwa makubwa kama ya tumboni, hata doa moja likauzunguka mguu mzima kama soksi iliyochanika.

Mzee akamwinua punda milia. Milia ilisimama wima kutoka shingoni hadi matakoni, na miguuni pia ilisimama wima, kana kwamba mnyama amevaa pajama. Kisha akamwinua chui.

"Na huyu?"

"Chui, mzee."

"Huyu ni duma aliyenenepa." Akamrudisha sandukuni polepole. "Mteja wangu ametoka Tsavo jana. Ana picha zao kwenye simu. Atakiweka kinyago chako kando ya picha, halafu atakirudisha rafuni. Rangi yako ni safi, mwanangu, lakini wanyama wako siwajui. Ukinipatia ninaowajua, rudi."

Waama, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotuokoa.

SOMO LA BAMBURI

Jioni hiyo nilimkuta kijana angali barazani. Nilimpa daftari na penseli.

"Hebu nichoree madoa ya mguu wa twiga," nikamwambia.

"Mjomba, nani asiyemjua twiga?"

"Basi chora."

Alianza, akafuta, akaanza tena. Hakujua. Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua. Tumezaliwa katika nchi ya twiga, tumewaona kwenye sarafu na kwenye kuta za hoteli, lakini hatujawahi kuwatazama.

Kesho yake tulipanda matatu hadi Bamburi, tukaingia Haller Park. Wengi wenu mmepelekwa huko na shule. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na kivuli, hadi Rene Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mpwa wangu alikuwa amefika huko akiwa darasa la tano, na alichokumbuka ni ulimi wa twiga tu. Safari hii tulikaa saa tatu na daftari mapajani.

Aliyoyaandika ni haya. Madoa ya twiga ni makubwa mwilini, lakini hupungua ukubwa kadiri yanavyopanda kuelekea kichwani na yanavyoshuka kuelekea kwatoni. Ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Hakuna twiga wawili wenye madoa sawa. Na doa halikai popote tu: hufuata umbo la mwili, likawa refu shingoni na pana begani.

"Mjomba," akaniambia tulipokuwa tukirudi, "mimi nilikata karatasi kabla ya kumtazama mnyama."

KILA MNYAMA NA NGUO YAKE

Kwa manufaa ya wasomaji, hasa wanafunzi, tumekusanya hapa mambo ambayo mpaka rangi anapaswa kuyajua kabla ya kushika wembe.

TWIGA. Kenya ina twiga wa aina tatu wanaojulikana sana. Twiga wa Kimasai, anayeonekana Tsavo, Amboseli na Maasai Mara, ana madoa yenye kingo zilizochanika kama jani la mzabibu. Twiga wa kaskazini, wa pande za Samburu na Garissa, ana madoa makubwa yenye kingo nyoofu, yaliyotengwa kwa mistari myeupe kama wavu. Wa tatu, anayeitwa twiga wa Rothschild, hujulikana kwa miguu: chini ya magoti hana madoa, ni kama amevaa soksi nyeupe. Ukichanganya hao watatu katika kinyago kimoja, umeumba twiga asiye na kwao.

PUNDA MILIA. Tunao wa aina mbili. Punda milia wa kawaida ana milia mipana inayozunguka hadi chini ya tumbo. Yule wa Grevy, aliyepewa jina la rais wa zamani wa Ufaransa, ana milia myembamba, iliyosongamana, na tumbo jeupe. Masikio yake ni makubwa na ya mviringo. Wa Grevy wamebaki kiasi cha 3,000 tu duniani, na wengi wao wako kaskazini mwa Kenya. Kwa wote wawili, milia husimama wima ubavuni lakini miguuni hulala na kuzunguka kama bangili. Juu ya mguu wa mbele, pale milia iliyosimama inapokutana na iliyolala, hutokea umbo la pembe tatu. Kwa hivyo stensili moja haitoshi: unahitaji ya ubavu, ya miguu na ya matako.

CHUI NA DUMA. Doa la duma ni tone moja jeusi lililojaa. La chui wa mgongoni na ubavuni si tone, bali ni vidoa vilivyopangwa duara kama petali za ua, na katikati yake manyoya yana rangi iliyokolea kidogo kuliko ya mwili. Kichwani, miguuni na tumboni chui naye huwa na madoa yaliyojaa. Duma ana alama moja ambayo chui hana: mchirizi mweusi kutoka pembe ya jicho hadi mdomoni, mfano wa machozi.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Huenda ukauliza, madoa haya yatoka wapi? Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alieleza kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti ndani ya kiumbe kinachokua zinaweza kujipanga zenyewe zikatoa madoa au milia. Baadaye mwanahisabati mwingine, James Murray, alionyesha jambo la ajabu kutokana na hesabu za aina hiyo: mnyama mwenye madoa mwilini anaweza kuwa na mapete mkiani, lakini mnyama mwenye milia mwilini hatarajiwi kuwa na madoa mkiani. Sababu ni kwamba mkia ni mwembamba, doa halipati nafasi, likageuka pete. Mtazame chui: ncha ya mkia wake ina mapete. Kanuni hii inamfaa fundi sana. Mahali mwili unapokuwa mwembamba, usilazimishe madoa.

Mwaka 2018 watafiti waliochunguza twiga wa Tarangire, Tanzania, walitangaza kwamba baadhi ya sifa za madoa, kama vile uduara wake na ulaini wa kingo zake, ndama huzirithi kwa mamake. Doa la twiga huzaliwa naye; ukubwa wake huongezeka, lakini umbo lake hubaki lile lile maisha yote. Nayo milia ya punda, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 2014 na Tim Caro na wenzake, yaelekea kuwa kinga dhidi ya nzi wanaouma.

Zaidi ya hayo, madoa na milia ni kitambulisho. Mwaka 2016 wananchi wa kawaida walialikwa kuwapiga picha punda milia wa Grevy kaskazini mwa Kenya, na wataalamu wakawahesabu kwa kulinganisha milia yao, mmoja mmoja, kama polisi wanavyolinganisha alama za vidole. Sasa utaelewa kwa nini yule mzee wa duka aliuliza kama twiga wale walikuwa watatu au mmoja.

NAMNA YA KUFANYA

Baada ya Bamburi, kijana alikata stensili upya. Hizi ndizo hatua alizofuata, nasi tunazitoa kwa yeyote anayetaka kujaribu.

Kwanza, piga msasa laini hadi kinyago kiwe nyororo, kisha kifute vumbi kwa kitambaa kilicholoa kidogo. Rangi haishiki juu ya vumbi.

Pili, paka rangi ya chini iliyo nyepesi kuliko madoa. Twiga ni rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Chui ni rangi ya asali mgongoni na nyeupe tumboni. Punda milia ni nyeupe. Acha ikauke kabisa. Ukiharakisha, stensili itaondoka na rangi.

Tatu, kata matundu ya ukubwa tofauti. Kwa kinyago kidogo usitafute idadi kamili ya madoa ya mnyama. Ukimjaza twiga wa sentimita 15 madoa yote aliyopewa na Mungu, yatashikana yawe tope. Yapunguze, lakini uhifadhi ule uwiano: makubwa mwilini, madogo shingoni, madogo zaidi miguuni.

Nne, hakikisha stensili imelala juu ya mbao. Mwili wa mnyama ni wa mviringo, na filamu ngumu huacha mwanya ambamo rangi hupenya na kuchafua kingo. Tumia vipande vidogo, si kipande kimoja kikubwa, na uvishike kwa ule utepe wa karatasi wa mafundi wa magari. Mahali penye mpindo mkali, kama shingo na mapaja, weka stensili pembeni umalizie kwa brashi ya nywele.

Tano, rangi iwe nyepesi kama maziwa. Presha ya kompresa iwe ndogo, kati ya paundi 15 na 20. Gurudumu la gari dogo hupata kama 30. Elekeza sprei wima juu ya tundu, si kwa mshazari, ukiwa umbali wa sentimita 3 hadi 5, na upulize mara tatu au nne kidogo kidogo badala ya mara moja kwa wingi. Rangi ikilowa sana, hukimbilia chini ya karatasi.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote: baada ya kila mpulizo, izungushe stensili. Igeuze kichwa chini, isogeze, funika baadhi ya matundu kwa kidole au utepe. Kwa njia hiyo, kipande kimoja cha filamu kitakupa twiga 20 wasiofanana. Mwisho, chukua brashi nyembamba urekebishe kwa mkono macho, kwato na ncha ya mkia. Stensili huokoa muda wa mkono, lakini haimjui mnyama. Anayemjua ni wewe, au hakuna.

WATOTO WASIO NA MASHINE

Si lazima uwe na kompresa. Familia inaweza kufanya kazi hii mezani kwa rangi za maji za shuleni na wanyama wa udongo waliokauka vizuri. Kata stensili kwenye manila au kava la plastiki la faili. Mzazi ndiye ashike wembe. Chovya mswaki mkuukuu katika rangi, kisha uukwaruze kwa kitana juu ya stensili. Matone madogo yatarukia tundu kama ukungu wa sprei. Au kata kipande cha sponji la godoro, kichovye kidogo sana, na udonoedonoe.

Kwa twiga wa kaskazini ipo hila rahisi. Chukua wavu wa mfuko wa vitunguu, uvute juu ya kinyago kilichokwisha kupakwa rangi nyepesi, uufunge kwa uzi, kisha nyunyiza rangi ya kahawia juu yake. Ukiuondoa, nyuzi zitaacha mistari myeupe na matundu yatakuwa madoa. Uvute zaidi shingoni na miguuni ili matundu yawe membamba.

TAHADHARI

Rangi za magari na tina hutoa mvuke unaodhuru mapafu na unaoshika moto upesi. Fanya kazi nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko, ukiwa umevaa barakoa inayostahili kazi ya rangi. Kitambaa cha kawaida hakizuii mvuke. Wapo vijana wanaotengeneza kompresa kutokana na mota ya friji kuukuu. Mtungi usio na vali ya kupunguza presha unaweza kupasuka, kwa hivyo usiuwashe kabla fundi anayeelewa hajaukagua. Na kinyago chochote kitakachoshikwa na mtoto mchanga kisipakwe rangi yenye madini ya risasi, kwa maana mtoto hutia kila kitu kinywani, na risasi huharibu ubongo unaokua. Soma mkebe kabla ya kununua.

ZILIRUDI NGAPI?

Siku tisa zilikuwa chache. Siku tatu ziliishia kwenye msasa, kukwangua rangi ya kwanza, na vinyago saba vikavunjika masikio au pembe. Usiku tuliwasikia mama na mwana wakizungumza chini chini wakati sprei inapuliza. Dada yangu ndiye aliyekuwa akishika taa ya mkono na kugeuza stensili. Jambo moja alilibaini kabla ya sisi sote. "Huyu punda wako," alimwambia mwanawe, "milia ya mguuni ilale kama bangili zangu." Hakuwa ameliona daftari la Bamburi.

Siku ya nane kijana alirudi dukani na vinyago 53. Mzee aliwapanga, akawageuza, akawachagua mmoja mmoja. Alichukua 41 kwa shilingi 350 kila kimoja, jumla shilingi 14,350. Ukitoa zile 12,000 za mama, na 1,100 za rangi ya pili na msasa, faida ilikuwa shilingi 1,250 kwa karibu mwezi mzima wa kazi. Si utajiri. Lakini dada yangu alizihesabu noti zake mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso, na Jumatatu binti yake akaingia darasani pamoja na wenzake.

Vile 12 vilivyokataliwa vingali rafuni Frere Town. Kumi ni chui. Mzee alisema maua yao yamepangwa sawasawa mno, kama kitambaa cha kiwandani. Mpwa wangu huwatazama kila jioni, na juzi nilimkuta ameanza kuwakwangua tena.

Kwa hivyo msomaji, ikiwa leo Jumapili mwanao atakuomba karatasi na wembe, usimnyime. Lakini kabla hajakata lolote, mwite paka wa nyumbani. Ikiwa ni wa milia, mwache mtoto amtazame ubavu, kisha miguu, kisha mkia, na aeleze kwa maneno yake ni wapi milia inasimama na ni wapi inalala. Akishaweza kueleza, mpe wembe. Haraka haraka haina baraka.